Kushika si Kukaza

Marehemu alikuwa na jina lake zuri la kuzaliwa, lakini hata siku ya mazishi watu waliofika kwa miguu waliulizana njiani kama hapo ndipo kwa Fundi Miguu. Jina hilo alipewa na wateja. Injini hakugusa, umeme hakugusa, rangi ndiyo kabisa. Alitibu miguu ya gari: shokapu, springi, bushi, na kila chuma kilichokaa kati ya bodi na tairi. Akisikia mtu anasifia injini alikuwa akisema injini ni sifa, miguu ni uhai. Gari likikataa kuwaka utafika kesho. Likikataa kona, hutafika.

Kabla ya kuingia chini ya gari alivua kofia, akasema kwa sauti ya chini, "Mungu wangu, mikono ni yangu, uzima ni wako." Kisha akajilaza kwenye kipande chake cha boksi. Wengine walimcheka, naye aliwaacha wacheke. Maghala ya Mwenyezi Mungu, alisema, hayapungui kwa kicheko cha mtu.

Alikuwa na doa moja, na aliyempenda hana haja ya kulificha, maana Mungu analijua. Marehemu hakujua kusema amekosa. Mkewe, muuguzi wa wodi ya watoto, aliwahi kusema kwamba katika miaka kumi na tisa ya ndoa hajawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Akikosea alinyamaza, na kesho yake akarekebisha kitu ambacho hakikuharibika. Nyumba ilikuwa na milango isiyolia hata kidogo, na kila bawaba iliyotiwa mafuta ilikuwa na ugomvi wake. Gerejini ilikuwa hivyo hivyo. "Kazi yangu hairudi," aliwaambia wateja, na kwa kweli haikuwa ikirudi.

Haikurudi kwa sababu ya kanuni yake moja, aliyoipenda kama mtu anavyompenda mwanawe wa kwanza. Bushi, alieleza, ni mpira uliovikwa chuma. Gari likiwa limeinuliwa juu ya stendi, miguu yake inaning'inia. Ukikaza bolti hapo, mpira unashikwa katika umbo la kuning'inia, na gari likishuka unasokoteka. Utasokoteka kila siku mpaka uchanike. Kwa hiyo gari likiwa hewani bolti haikazwi. Inashikwa tu: unaizungusha nati kwa vidole mpaka iguse chuma, basi. Ukishusha gari likasimama kwa uzito wake lenyewe, ndipo unachukua ile spana ndefu yenye kipimo, inayolia tak nguvu ikifika, ndipo unakaza. Katika gereji yake kushika lilikuwa neno moja na kukaza neno jingine, na aliyeyachanganya alisomeshwa upya.

Hata kwenye sala ya jioni nyumbani alilitumia. Alimwambia bintiye kwamba Mungu naye hamkazi mtu akiwa hewani; anangoja asimame chini ya mzigo wake. Binti, aliyekuwa kidato cha tatu, alijibu kwamba hilo halimo kwenye mtihani.

Sasa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliuza miwani mjini na alipenda gari kama wengine wanavyopenda nguo. Alikuwa na saluni ya milango minne, fupi, nyeusi, yenye injini ya mbio. Siku moja akaja na boksi kubwa, akalifungua kama anayefungua zawadi ya harusi. Ndani mlikuwa na koilova nne: shokapu na springi vilivyovishwa pamoja, springi nyekundu, na chini pete yenye nyuzi kama za skrubu, ambayo ukiizungusha unapandisha gari au unalishusha.

Kazi iliwekwa siku ya kufungua shule, na hilo lilikuwa wazo la shemeji. Shule ya binti ilikuwa ya bweni, ng'ambo ya mteremko mkubwa, safari ya saa mbili, na lango lilifungwa saa kumi jioni. Mjomba mtu alisema gari likitoka gerejini atampeleka mpwa wake mwenyewe, aonje hizo koilova kwenye kona. Mama alimuaga binti alfajiri, akaenda zamu. Sanduku la bati likapakiwa mapema kwenye buti.

Asubuhi yote walibishana kuhusu urefu. Shemeji alitaka gari lishuke mpaka kidole kisipite kati ya tairi na bodi. Fundi alitaka vidole viwili, akasema hapunguzi hata kucha.

"Shemeji, hili si gari la kubebea mchanga," yule akamwambia.

"Wala si godoro. Kwa nini unataka lilale chini?"

Binti alicheka. Mama Rangi, aliyepiga magari rangi upande wa pili wa uwanja huo huo, alicheka zaidi, kwa kuwa miaka yote walikuwa majirani na kuchokozana ndiyo chai yao. Shemeji hakucheka sana. Alisema kwa nusu utani kwamba mtu akinunua kitu chake anastahili kukipanga apendavyo, na kwamba fundi akipewa nafasi atamwita arudi kila wiki kuongeza kidole. Fundi aliendelea kuzungusha pete. Vidole viwili vikabaki viwili.

Ilipofika saa saba mchana zote nne zilikuwa mahali pake. Fundi alizipitia bolti za chini moja moja kwa vidole, akaziacha zimeshika. Akarudisha magurudumu, akatoa stendi, akalishusha gari. Likatua taratibu kama ng'ombe anayelala. Akaenda kabatini kuchukua spana ya kipimo, ambayo hakumwamini nayo mtu yeyote.

Hapo kabatini alimkuta mwalimu mstaafu mwenye pikapu kuukuu, amekuja kuulizia bushi zake. Mwalimu akauliza swali moja tu: kwa nini fundi aliyepita alikaza kila kitu gari likiwa juu, na bushi zikachanika ndani ya miezi minne?

Lilikuwa sawa na kumwuliza bibi habari za wajukuu. Fundi aliiegemeza ile spana begani kama askari, akaanza. Alieleza mpira, akaeleza kuning'inia, akachora kwa kidole kwenye vumbi la kabati. Akiwa katikati, shemeji akapaza sauti kutoka kwenye gari, "Vipi, zimeshika zote?"

"Zimeshika zote," akajibu bila kugeuka, akainua kidole gumba.

Kisha akamwambia mwalimu, kwa furaha ya mtu aliyepata mfano papo hapo, "Umesikia? Nimesema zimeshika. Sijasema zimekazwa. Hapo ndipo wengi wanapoanguka."

Nyuma yake injini ikawaka.

Hakushtuka mara moja. Alidhani shemeji analisogeza gari kivulini. Aliposikia gia ya pili akageuka, akaona mkia mweusi unatoka lango la uwanja, na mkono wa binti dirishani ukimpungia kwaheri. Alikimbia mpaka langoni na spana yake. Barabarani palibaki vumbi tu.

Watakuwa wamezunguka mtaa kulijaribu, alijiambia. Watarudi. Akasimama pale langoni. Dakika kumi nzima alisimama, na dakika hizo aliziungama hadi mwisho wa maisha yake, kwa sababu alijua akiwa bado amesimama kwamba hawarudi. Aliona aibu tu kupiga simu mbele ya mwalimu.

Alipopiga, shemeji alipokea akicheka, upepo ukivuma kwenye simu. "Shemeji, najua. Sasa unataka vidole vitatu. Tutaongea nikirudi." Akakata.

Akapiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Ya tatu hivyo hivyo. Akaandika ujumbe: *Rudi gereji mara moja. Gari haijaisha.* Haukujibiwa. Binti hakuwa na simu, shule ilikataza. Mwalimu alikuwa bado amesimama kando ya kabati.

Fundi alipiga hesabu kichwani. Bolti nne. Kila moja imefungwa nguvu ya vidole viwili, basi. Barabara ya mjini ingezivumilia. Barabara kuu ingezitikisa. Lakini mbele ya barabara kuu palikuwa na mteremko, kona kumi na moja, upande mmoja mwamba na upande mwingine hewa. Na shemeji alikuwa amekwenda huko kwa ajili ya zile kona.

Mama Rangi alikwishaona. Alikuwa amevua barakoa ya rangi, anafuta mikono. Alimwuliza kuna nini, naye akamwambia kwa maneno matatu. Yule mama hakusema pole. Alichukua ufunguo wa pikipiki yake, akamwambia apande.

Kwa hiyo mtaa mzima ulimwona Fundi Miguu nyuma ya pikipiki ya mwanamke, kofia hana, spana imelala mapajani kama mtoto mchanga. Siku nyingine angekufa kwa aibu. Siku hiyo alikuwa akimpiga Mama Rangi begani aongeze mwendo, na Mama Rangi akimjibu kwamba akitaka bega lake liwe pedali ya mafuta amnunulie pikipiki nyingine.

Kwenye kituo cha mafuta cha mwisho kabla ya barabara kuu walisimama dakika moja. Alipiga tena. Mama Rangi naye akapiga kwa simu yake, ikakatwa. Akaomba auone ule ujumbe. Akausoma, akatikisa kichwa.

"Umemwandikia kama askari wa barabarani. Mtu umebishana naye asubuhi nzima habari ya urefu, unamwambia gari haijaisha. Atadhani nini?"

Alijibu kwamba aliulizwa kama zimeshika, akasema zimeshika, na kushika si kukaza, kila mtu anajua.

"Nani anajua?" Mama Rangi akasema. "Wewe na nani?"

 Fundi alimkumbuka mwalimu, mtu msomi, aliyehitaji kuelezwa dakika kumi ili ajue tofauti ya maneno mawili. Shemeji hakuelezwa hata dakika moja. Alisikia Kiswahili cha kawaida. Kwa watu wote wa duniani kitu kikishika kimeshika.

"Niandike nini?"

"Kilichotokea."

Alishika simu. Kidole chake kilikuwa na grisi, kioo hakikukisikia. Akakifuta kwenye shati, akajaribu tena. Aliandika: *Simama hapo ulipo. Bolti nne za chini sijakaza.* Hapo akakwama. Magari yalipita. Mama Rangi alitazama pembeni, akijifanya anakagua mnyororo. Mtu aliyekaza maelfu ya bolti alikaa anazitafuta herufi chache kana kwamba anazing'oa ukutani. Mwishowe akaongeza: *Kosa ni langu si lako. Mwanangu yumo. Nakuomba.* Akatuma kabla hajausoma tena.

Wakaondoka. Alama iliyoonyesha kwamba ujumbe umefika haikutokea. Mtandao huku ulikuwa wa kubahatisha, kama mvua za mwisho. Aliishika simu mkono mmoja na spana mkono mwingine, akabana miguu asianguke, na midomo yake ilikuwa ikitembea. Mama Rangi alisema baadaye kwamba maneno hayakusikika kwa upepo, ila alihisi kifua cha yule mtu kikipanda na kushuka mgongoni kwake kama cha aliyekimbia.

Alikuwa akisali, naam, lakini hata sala ilimkataa. Kila akianza "mikono ni yangu, uzima ni wako" alifika katikati, akaiona ile mikono. Miaka ishirini na mitatu aliyasema maneno hayo kama fungu lake na fungu la Mungu yamegawanywa sawasawa. Leo fungu lake mwenyewe halikuwa limetimia, naye anamwomba Mungu alijaze. Akaacha maneno yote, akabaki na moja: mtoto, mtoto, mtoto.

Juu, pale malori yanapopumzisha breki kabla ya kuteremka, hawakuwapo. Fundi alimwuliza muuza maji kama ameona saluni nyeusi, ya chini. Ameiona. Imepita si muda mrefu, ilikuwa inagonga mbele upande wa kushoto, kok, kok, kok. Yeye alidhani ni mtindo.

"Inagonga," fundi akasema. 

Mama Rangi hakungoja asikie zaidi. Walishuka kona ya kwanza. Ya pili. Fundi alitazama ukingoni kila mara, akitafuta alama za tairi kwenye kokoto na akimwomba Mungu asizione. Ya tatu ilikuwa ndefu, na hapakuwa na kitu. Walipoizunguka ya nne akaona sanduku la bati katikati ya barabara. Sanduku la binti. Juu yake sweta jekundu la shule.

Aliruka kabla pikipiki haijasimama. Akaanguka kwa goti, akainuka, akakimbia, spana ikigonga lami. Sweta lilikuwa limelazwa vizuri, mikono imekunjwa, na jiwe limewekwa juu lisipeperuke. Hakulielewa. Akili yake ilikuwa imeshafika chini bondeni. Mpaka alipolipita sanduku ndipo akaliona gari, zima, limesimama upande wa mwamba, mawe yamewekwa mbele ya magurudumu. Shemeji alikuwa amesimama mbali nalo, mikono kichwani. Binti alikuwa amekaa kwenye kijiwe, magoti pamoja.

"Tulikosa ile pembetatu ya kuonya magari," binti akasema. "Ndiyo maana tukaweka sanduku."

Fundi alimshika kichwa kwa mikono miwili, akampaka grisi mashavuni.  Binti alimwambia sweta lilikuwa safi, asiliguse.

Ilivyokuwa walimsimulia wakipokezana. Kugonga kulianza kabla ya mteremko. Mjomba alisema ni kawaida, rafiki zake walimwambia koilova mpya hugonga mpaka zikae. Usukani ukaanza kuvuta kushoto. Akasema ni upepo. Kwenye kona ya tatu simu ikalia ujumbe, akampa binti asome, ila kwa sharti: kama ni habari ya kuinua gari asimsomee. Binti aliusoma kimya, kisha kwa sauti. Mjomba akamwambia asome tena ule mwisho.

"Kosa ni langu? Baba yako kaandika hivyo?"

Hapo, alisema shemeji, ndipo alipojua kwamba si mzaha. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika gia ndogo, akaliburuta gari mpaka penye mwamba kwa mwendo wa mtu anayetembea. Na akakiri mbele ya mpwa wake kwamba ujumbe ungeishia kwenye bolti asingesimama. Angedhani fundi amebuni hila mpya ya kumrudisha.

Fundi alivaa uso wake wa kazi. Akageuza usukani, akajilaza kwenye lami ya moto bila boksi. Mkono wake ulipita chini ya bodi kwa shida, ukikwaruzwa. Gari lingeshushwa kidole kimoja zaidi, usingepita kabisa. Shemeji aliliona hilo, na fundi aliona kwamba ameliona, na hakulisema. Huenda ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kuacha neno kama hilo lipite.

Bolti tatu zilikuwa zimelegea, nati bado zimegusa chuma. Ya nne, mbele kushoto, nati yake ilikuwa imebakiza nyuzi mbili. Bolti yenyewe ilikuwa imetoka nusu, imeinama kwenye tundu kama jino la mzee. Alilala pale akiitazama. Alihesabu nyuzi tena kwa ncha ya kidole: moja, mbili. Baada ya hapo hakukuwa na kitu.

Walitumia jeki ya gari kuinua kidogo mkono wa chuma unaoshika gurudumu, bolti ipate kunyooka. Mama Rangi alilisukuma gari kwa nyonga, hivi na hivi, fundi akaigonga kwa jiwe mpaka ikarudi nyumbani kwake. Wakatoa jeki. Gari likasimama kwa uzito wake. Ndipo akaitia spana. Tak. Akaenda ya pili. Tak. Ya tatu.

Kabla ya ile ya nne alitoka chini, akamwita bintiye.

"Baba, lingeanguka?" binti akauliza.

Mama Rangi alikohoa. Shemeji alitazama bonde.

"Ndiyo," baba yake akasema.

Akampa spana. Akamwonyesha pa kulala na pa kushika, akamwambia avute kwa uzito wake, asivute kwa hasira. Binti alivuta mpaka mikono ikatetemeka. Spana haikulia. Akapumua, akaweka mguu kwenye tairi, akavuta tena, ikalia tak, naye akaguna kama mtu aliyeshangaa. Baba yake hakuirudia bolti ile kuihakiki. Watu waliomjua gerejini wanasema hilo ni vigumu kuliamini, lakini hakuirudia.

Shemeji alimvuta pembeni. Alisema kwa sauti ya chini kwamba tuseme lilikuwa kosa lake; ndiye aliyeondoka bila kuaga, na dada akisikia habari hii hakutakuwa na amani kwenye nyumba ile. Alikuwa anasema kwa moyo mweupe. Na ilikuwa njia iliyo wazi, pana, imetandikwa mkeka.

"Uliniuliza," fundi akasema. "Nikakujibu."

Basi. Wakapakia sanduku. Mama Rangi aligeuza pikipiki kurudi, akasema anakwenda kumwambia yule mstaafu kwamba kipindi hakijaisha, mwalimu wake fundi yuko safari ya mafunzo. Fundi alikaa kiti cha mbele, binti nyuma. Shemeji aliendesha kwa mikono miwili. Kona saba zilizobaki walizishuka, na gari halikugonga hata mara moja. Lilishika barabara vizuri ajabu, lakini hakuna aliyelisifu.

Jioni ile mkewe aliambiwa yote, na nini kilisemwa baina ya wawili wale ni chao. Bawaba hazikutiwa mafuta kesho yake. Shemeji naye aliliuza gari mwaka uliofuata, na miaka mingine sita ikapita hadi kifua kilipomchukua marehemu, Mungu amlaze pema na atuongezee subira tuliobaki. Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile walifika shuleni saa kumi na dakika arobaini, na lango lilikuwa limefungwa.

Mlinzi alitoka kwenye kibanda chake na daftari. Shule haikumpokea mwanafunzi aliyechelewa mpaka mzazi aandike: jina, darasa, saa ya kufika, sababu, sahihi. Shemeji alimnong'oneza kwamba aandike tairi lilipasuka, ndivyo wanavyoandika wote. Fundi alilitazama daftari. Ni kweli. Ukurasa mzima ulikuwa tairi, tairi, mvua, msiba, tairi.

Alichukua kalamu. Binti alisimama nyuma yake akisoma juu ya bega, akaona mwandiko ule mkubwa, wa mtu asiyezoea, ukijaza nafasi ya sababu na kuvuka mstari: *Kosa la fundi.*

Mlinzi aliligeuza daftari kwake, akasoma mara mbili. Akauliza ni fundi gani huyo, watu wajue kumkwepa.

"Huyu," akasema marehemu, akajigusa kifuani kwa mkono wenye grisi, kisha akamwomba amfungulie mtoto.